Kiti cha Kushoto

Gari lile lilikuwa na usukani upande wa kulia, na huku Rwanda tunaendesha kulia. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa namna hiyo, jambo hili halina uzito. Lakini ukiwa nyuma ya lori la ndizi kwenye kona za kwenda Rwamagana, huoni kinachokuja. Unaona mikungu, unaona namba ya lori, basi. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto, upande wa katikati ya barabara. Ukitaka kulipita lori, yeye ndiye macho yako.

Mama wa rafiki yangu alikuwa macho ya mume wake kwa miaka yote waliyoishi upande huu wa mpaka. Sisi tuliopata kupakiwa kiti cha nyuma tunamkumbuka: mkoba magotini, shingo ameinyoosha kidogo kuelekea dirishani, sauti ya chini isiyo na haraka. "Bado. Bado kidogo. Kuna pikipiki. Bado. Haya, Baba, twende." Mzee hakuwahi kuchungulia kuhakikisha. Akisikia "haya" alikanyaga mafuta, na lile gari refu lilitoka nyuma ya lori kama mtu anayeinuka kitini bila kujitegemeza. Wakishalipita, mama alifungua mkoba na kumpa pipi ya tangawizi. Nadhani hata wao hawakujua kwamba wanafanya hivyo kila mara.

Mzee alilinunua Mwanza, kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Lilikuwa gari la Kijerumani, rangi ya krimu, viti vya ngozi nyekundu, dashibodi yenye ubao uliong'arishwa mpaka ukaona sura yako. Wakati huo mzee alikuwa mhasibu mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mkimbizi wa Kinyarwanda mwenye tai, na watu walisema mkimbizi anayenunua gari la kifahari ni mtu aliyekwisha kata tamaa ya kurudi kwao. Walikosea. Miaka ya kurudi ilipofika, alifunga godoro juu ya paa, akapakia mke, watoto na cherehani, akavuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda.

Msimu huohuo nami nilivuka daraja lile, juu ya lori, nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Hatukujuana. Lakini mpaka leo nikifikiria kule kurudi, picha inayonijia si ya lori letu. Ni ya gari la krimu lililotupita kwenye vumbi, godoro juu, nyuso za watoto zimebanwa kwenye kioo cha nyuma. Huenda halikuwa lile. Nimeshaamua kwamba lilikuwa lile.

Mimi si mtu wa kutulia. Nilimaliza sekondari, nikajaribu Kampala, nikajaribu Goma, nikarudi Mwanza kana kwamba kuna kitu nilichosahau kule, nikarudi tena Kigali. Sasa nina chumba Batsinda, na wenye nyumba wamezoea kuona mlango umefungwa mwezi mzima. Kazi niliyoipata inafaa miguu ya aina hiyo: natafuta spea za magari ya zamani. Taa ambayo haitengenezwi tena, kioo kilichopinda, kitasa, mkanda wa nikeli wa pembeni ya mlango. Vitu hivi viko mahali fulani, kwenye banda la mtu, chini ya magunia, na lazima mtu aende akavitafute.

Wanaonituma ni kikundi cha watu wapenda magari hayo. Hukutana Jumapili zile ambazo barabara hazijafungwa kwa ajili ya watu wanaokimbia kufanya mazoezi, kwenye banda walilopanga kule Masoro, nyuma ya maghala. Kuna daktari wa meno ambaye gari lake halijawahi kunyeshewa mvua. Kuna Mkenya wa kampuni ya bima, mdomo hauishi maneno. Na kuna rafiki yangu huyu, mtoto wa mzee, fundi wa umeme wa majengo, mtu mpole anayeongea na skrubu kabla ya kuifungua. Wakikutana hunywa chai, hufungua boneti, hutaniana.

"Bwana, gari lako linakunywa mafuta kama shemeji msibani," Mkenya alimwambia daktari.

"Linakunywa, lakini linafika. La kwako mara ya mwisho lilifika likiwa juu ya lori."

"Lilikuwa linapumzika! Nawe mtafuta spea, umekuja na nini leo? Bado pikipiki?"

"Bado pikipiki."

"Mtu anayejua magari yote ya Afrika Mashariki, yeye mwenyewe anabebwa kama mkungu wa matoke."

Mzee alipofariki, mtoto wake alichukua usukani na mama akabaki kwenye kiti chake cha kushoto. Alimwambia mwanawe maneno yaleyale, bado, bado, haya. Rafiki yangu aliniambia mara moja kwamba nyuma ya lori ndipo mahali pekee alipokuwa anamsikia baba yake. Sikumwelewa, kwa sababu aliyekuwa anaongea alikuwa mama. Baadaye nilielewa. Ile sauti ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mzee, na mwanawe alikuwa anaisikia akiwa amekaa ndani ya nafasi ya baba yake.

Kisha mama akaanza kusahau. Mwanzoni chumvi, majina ya wajukuu, siku ya misa. Kinyarwanda cha utotoni na Kiswahili cha Mwanza vilibaki, mambo ya katikati yakawa yanachanganyika. Siku moja, wakienda Kayonza kumwona shangazi, alinyoosha shingo, akatazama barabara, akasema kwa sauti ileile, "Haya, Baba, twende." Rafiki yangu akatoka. Lori la mafuta lilikuwa linakuja limewasha taa. Aliponisimulia alikuwa ameketi juu ya tairi, mikono ameiweka katikati ya magoti. Walipona kwa kuingia kwenye mtaro wa upande wa pili. Mama hakuumia. Alifungua mkoba akampa pipi.

Rafiki yangu akaliegesha gari uani kwao, mtaa wa Kimironko, akalifunika turubai, akasema basi.

Ila mama hakusema basi. Kila alasiri alilifunua lile turubai upande mmoja, akaingia, akaketi kushoto, mkoba magotini. Niliwahi kufika nikamkuta hivyo. Matairi yalikuwa yamelala, kuku wanapita chini ya injini.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nani?"

"Nimekuja kuwasalimu tu, Mama."

"Tunatoka sasa hivi. Baba yao anatafuta funguo. Huyo mzee na funguo!"

Alicheka kidogo, akageuka kutazama mbele. Alikuwa ametulia kabisa. Ndani ya nyumba alikuwa anahangaika, anafungua makabati, anauliza lile lile. Ndani ya gari hakuuliza kitu. Alijua yuko wapi na anamsubiri nani, na kwamba anayemsubiri yuko karibu.

Hapo ndipo rafiki yangu alipopata wazo lake. Alilileta kwenye banda Jumapili moja, akalieleza kwa adabu kama mtu anayeomba mchango wa harusi. Angelifufua gari. Mama anapenda kukaa humo, basi asikae kwenye gari lililokufa, atembezwe. Lakini hawezi tena kumtazamia barabara. Kwa hiyo usukani uhamie kushoto, yeye aone mwenyewe, mama akae kulia astarehe kama malkia.

Wenzake walishangilia. Kwa watu hawa, gari linalotazama barabara vibaya ni kama nguo iliyovaliwa kinyume. Miaka mingi walikuwa wamemtania kwamba gari lake linaendeshwa kutoka dirisha la jirani. Mkenya alijitolea rangi, daktari ngozi ya viti. Wakanigeukia mimi.

"Mkurugenzi wa pikipiki, tupatie dashibodi ya kushoto."

Niliipata mjini Huye, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Gari la aina ileile, la usukani wa kushoto, limekaa miaka juu ya matofali, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Nilirudi na dashibodi nzima, boksi ya usukani na nguzo yake, na pedeli. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kuliko ninavyofurahi kawaida, na usiku nilimpigia simu rafiki yangu nikamsomea kila kipande kilivyo, yeye akasema asante, asante.

Kazi ilikuwa ndefu na nzuri. Sijaona watu wakilipenda gari kama vile. Ukuta wa injini ulikatwa na kuungwa bila kovu. Ngozi ya viti ikabadilishwa, ile ya zamani ilikuwa imepasuka kama kisigino. Ubao wa dashibodi ukapigwa vanishi tabaka juu ya tabaka. Ile dashibodi ya zamani, ya upande wa kulia, ilikwenda na wanunuzi wa chakavu pamoja na pedeli zake. Hakuna aliyeitazama ikiondoka.

Siku ya kulirudisha ilikuwa Jumapili baada ya misa. Magari ya kikundi yalijipanga barabarani Kimironko, majirani wakatoka, watoto wakapiga picha za simu. Mama alitoka amevaa umushanana wa zambarau umefungwa begani, nywele zimechanwa vizuri. Alilitazama gari. Akalizunguka polepole, kiganja juu ya boneti.

"Mmelisafisha," alisema, na watu wote wakapiga makofi.

Akaenda kushoto, kwenye mlango wake. Akaufungua. Mbele yake kulikuwa na usukani.

Kisha akaufunga mlango taratibu, kama mtu aliyefungua chumba cha wenyewe hotelini, akamgeukia daktari wa meno aliyekuwa karibu.

"Samahani, baba. Nimekosea gari."

"Hujakosea, Mama," mwanawe alisema haraka. "Ni letu. Sasa utakaa upande huu, njoo."

"Huko anakaa baba yako."

"Ndiyo, lakini sasa..."

"Akija, atakaa wapi?"

Mkenya, ambaye hajawahi kukosa neno, alitoa leso akaanza kufuta kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na vumbi.

Mama alikubali kuingia, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama na yeye alilelewa vizuri. Alikaa kulia. Mimi nilikaa nyuma. Tulishika barabara ya Rwamagana, injini inaimba, hewa nzuri. Mbele yetu likatokea lori la saruji. Niliiona shingo yake ikinyooka. Alifungua mdomo, akasema "Ba...", na tayari tulikuwa tumelipita. Rafiki yangu alikuwa ameona mwenyewe. Lilikuwa jambo jepesi sana.

Lori la pili. Mama alinyoosha shingo tena. Kwa upande ule aliona mtaro, ukingo wa nyasi, watoto na vidumu vyao vya maji.

"Sioni," alisema.

"Huna haja ya kuona, Mama. Naona mwenyewe. Wewe pumzika."

Alisema kwa upendo. Nilikuwepo, nilisikia alivyosema. Lakini nilimwona mama akiikusanya mikono yake juu ya mkoba, na mkoba hakuufungua. Kabla ya kufika, alimgusa mwanawe kwenye mkono.

"Kijana, nishushe pale mbele kwenye miti. Mume wangu atakuwa ananitafuta."

Mpaka siku ile alikuwa hajawahi kulikosa jina la mtoto wake. Rafiki yangu aliegesha pembeni, akaweka paji la uso kwenye ule usukani mpya, na magari yakatupita.

Baada ya hapo mama hakuingia tena. Lile gari uani lilimkera. "Hawa wageni wataliondoa lini gari lao? Wameziba nafasi ya Baba." Alasiri alitoa kiti cha plastiki, akakaa karibu na geti, akisubiri gari letu, kama alivyoliita, lirudi kutoka gereji. Kule kutulia kwake kulikuwa kumekwisha. Alisimama, akakaa, akasimama. Usiku aliamka kuuliza. Rafiki yangu alilirudisha gari Masoro, akaniambia, "Nenda Tanzania. Niletee usukani wa kulia. Nitarudisha kila kitu."

"Ule wa zamani tungeuweka..."

"Nenda tu, kaka."

Nilikwenda. Bukoba hakuna. Shinyanga kulikuwa na mlango tu. Mwanza, mtaa ambao zamani nilipanga chumba, mtu mmoja alikuwa na dashibodi imepasuka katikati, ubao umefifia rangi, amegeuza kuwa rafu ya redio. Nilimbembeleza siku nzima. Nilirudi kwa basi, nimeizungushia blanketi nimeipakata, na pale Rusumo ofisa wa forodha akaniuliza kama nimebeba mgonjwa.

Nilipitia Kimironko kwanza. Mama alikuwa getini, kwenye kiti chake. Nilimwambia natoka Mwanza, na uso wake ukafunguka.

"Mwanza! Basi utakuwa umeliona gari letu njiani."

Ningesema hapana. Lakini alinitazama namna ile.

"Nimeliona, Mama."

"La krimu?"

"La krimu."

"Wapi?"

"Biharamulo."

"Anaendesha nani?"

"Mzee."

"Na nani?"

Nilifikiri nimeulizwa swali rahisi. "Peke yake," nikasema.

Alishika kifua. "Mungu wangu. Na malori yote yale! Nani anamwambia barabara iko wazi?" Akasimama, akaanza kuita geti lifunguliwe, akitafuta viatu, na mwanawe akatoka ndani mbio akamkumbatia mabega. Aliniangalia juu ya kichwa cha mama yake. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Usukani ulirudi kulia. Safari hii Mkenya alishika tochi bila mzaha, na daktari akapiga magoti kwenye mafuta na suruali yake ya kanisani. Hawakupiga vanishi ile dashibodi. Waliifunga na ufa wake. Lakini kazi ile haina haraka, kila waya ulipaswa kurudi njia uliyotoka, na wakati tunaendelea, mama aliacha kuuliza. Siku za kwanza tulishukuru. Kiti cha plastiki kikarudishwa ndani. Kisha rafiki yangu akaanza yeye kumwambia, "Mama, gari liko karibu kuwa tayari," na mama akatabasamu kama unavyomtabasamia mtu anayekuonyesha picha za ndugu zake.

Tulilileta siku ya kawaida, bila magari mengine. Mama alisimama mlangoni ameshikwa mkono na binti wa kazi.

"Mna gari zuri," alituambia. "Hongereni. Muendeshe polepole."

Mwanawe alimfungulia mlango wa kushoto. Aliingia kwa sababu aliombwa, akakaa vizuri, mkoba magotini kwa sababu binti alimpa. Mimi nyuma yake. Tulishika barabara ileile. Alitazama migomba, akasifu mvua ya mwaka huu. Karibu na mashamba ya mpunga tulilikuta lori la ndizi, linapanda kilima kwa taabu.

Rafiki yangu alisogea nyuma yake, akapunguza mwendo. Alisubiri. Nilimwona kwenye kioo, ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, anasikiliza. Mama alikuwa anaitazama mikungu ya ndizi mbele yake, kwa utulivu, kama mtu anayetazama televisheni ya jirani. Tulipanda kilima, tukashuka. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yalianza kupiga honi, moja baada ya jingine yakatupita sisi na lori. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na nilikuwa naiona barabara vizuri. Kulikuwa na mahali ambapo ilinyooka mbele yetu, ndefu, bila hata baiskeli. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Tulikwenda nyuma ya lori lile mpaka Rwamagana.